Bustani Nyuma ya Namba Kumi na Mbili

Juzi bwana mmoja aliyevaa fulana yenye nembo ya shirika alitukusanya kina mama kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kawangware, akatuambia kwamba siku hiyo tungejifunza jambo jipya: kupanda mboga na maua mahali ambapo jua halifiki. Alisema anajua nyumba zetu zimebanana, anajua hatujawahi kuwa na bustani, na anajua si rahisi kwa mtu asiyezoea mimea kuyaelewa mambo hayo mara moja, kwa hiyo angeenda polepole. Kisha akachuma jani la minti kwenye kopo alilokuja nalo, akalisugua kati ya vidole, akapitisha mkono wake puani mwetu mmoja mmoja.

Harufu ile iliponifikia nilishikwa na hasira nikatoka nje. Wenzangu walidhani nimepatwa na kizunguzungu. Wala. Mama yangu alilima kivulini, umbali ambao ungeweza kutembea kutoka ukumbi ule kabla chai haijapoa, na hakuna mtu aliyempa fulana wala cheti. Alichopewa ni kitu kingine, na hicho ndicho nataka kukisimulia, kwa sababu watoto wangu wameshachoka kunisikiliza na wale wa rika langu wanaoikumbuka Kawangware ya zamani watanielewa.

Tulikaa upande unaoitwa Kongo, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati, sita vikitazamana na sita, katikati ujia wa simenti wenye mtaro. Chumba chetu kilikuwa cha kumi na mbili, cha mwisho kabisa, kinapakana na bafu. Wazazi wangu walikuwa wametoka Vihiga. Baba alikuwa fundi wa mawe, na Mama alifua nguo na kusafisha nyumba ya watu kule Lavington, akienda na kurudi kwa miguu. Mwenye ploti hakukaa pale. Alikuja na pikapu yake siku za Jumamosi, na hakuwa na haja ya majina yetu. Alituita kwa namba za milango. Mama yangu, ambaye kanisani alikuwa kiongozi wa kwaya na ambaye kwao ni mtoto wa mtu, kwake aliitwa Mama Kumi na Mbili. Aliyekaa pale ni mama yake, bibi mzee aliyeishi kwenye nyumba ya mawe ya mbele pamoja na ng'ombe wake mmoja. Sote tulimwita Cucu, yaani nyanya, kama Wakikuyu wanavyosema.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na kipande cha ardhi chenye upana wa hatua nne za mtu mzima na urefu wa vyumba vitatu. Upande mmoja ni mabati yetu, upande wa pili ni ukuta wa ghorofa la jirani uliopanda juu mpaka shingo iume. Jua lilipita pale saa za mchana, haraka, kama mtu anayekatiza ploti isiyo yake. Muda uliobaki palikuwa na baridi na unyevu, na sisi watoto tulipaita Limuru. Watu wa ploti nzima walitupa takataka pale: betri zilizokufa, chupa, matambara, majivu, maganda ya ndizi. Kwa miaka yote palipokuwa jaa sikuwahi kumwona mwenye ploti akigeuza hata shingo kutazama kule nyuma. Likumbuke hilo.

Mama alianza kupasafisha mwaka ambao bibi yangu mzaa mama alifariki kule nyumbani. Alirudi kutoka mazishini na kifuko cha mbegu za sukuma wiki, akaenda nyuma na jembe la kuazima. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Nilidhani amepoteza kitu kule kwenye takataka na nikawa naogopa kuuliza ni kitu gani. Alitoa uchafu ule karai baada ya karai kwa wiki mbili, kila jioni akitoka kazini, mpaka mikono ikachanika kwa vigae vya chupa. Kisha akapanda.

Sukuma ziliota. Lakini ziliota kama wagonjwa: ndefu, nyembamba, zimepauka, zote zimeinamia upande mmoja zikitafuta ule mwanga mdogo wa juu. Majirani walicheka. Mmoja alimuuliza Mama kama amepanda sukuma au nyuzi za kufumia. Mimi nilielewa kwamba jua halijui njia ya kufika kule, na kwamba kinachohitajika ni mtu wa kulielekeza. Nilichukua kipande cha kioo ambacho Baba alikitumia kunyolea ndevu, nikasimama kwenye kona ya ujia palipo na jua, nikawa nalitupa lile jua nyuma ya nyumba, mche mmoja baada ya mwingine, nikihesabu mpaka mia kwa kila mche ili usiwepo upendeleo.

Cucu ndiye aliyenikuta. Aliniuliza nafanya nini na kioo cha baba yangu, nikamwambia nazipelekea sukuma jua. Alicheka mpaka akashika ukuta. Cucu hakuwa bibi wa kubembeleza watoto. Aliwahi kutufukuza na fimbo kwa kuchungulia ng'ombe wake. Lakini siku ile alizunguka nyuma, akasimama pale akiangalia kwa muda, na Mama aliporudi alimkuta bado yupo.

"Wacha kupigana na kivuli," alimwambia. "Hautakishinda. Angalia hii." Aliinama akang'oa jani moja laini lenye shina la majimaji lililotambaa kando ya ukuta. "Mukengeria. Ni nani alipanda hapa? Hakuna mtu. Imejileta yenyewe. Uliza hii ni nani mwingine anaweza kuishi hapa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kujifunza. Kabla ya kupanda chochote tena, Mama alinipa kazi ya Jumamosi nzima. Kila redio ya jirani iliposoma habari, nilikwenda nyuma nikaweka jiwe mahali ambapo jua limefika. Jioni tulikuwa na mstari wa mawe, na Mama alisimama juu yake akiusoma. Pale palipopata jua kwa muda kidogo ndipo pangekaa dania ya kiungo, spinachi na mboga ya managu. Pale pasipopata kitu, karibu na bafu ambapo ardhi haikukauka mwaka mzima, Cucu alisema ni pa nduma, yaani magimbi. Zamani, kabla ya mabati, alikuwa akilima nduma kule chini mtoni, na bado alikuwa na mashina machache nyuma ya zizi. Alimpa Mama sita, na mbolea ya ng'ombe kadiri angeweza kubeba.

Udongo ndio ulikuwa shida. Chini ya takataka zile ardhi ilikuwa ya kijivu na ilinuka mafuta. Kwa hiyo tuliuleta udongo wetu. Baba alibeba udongo mwekundu kutoka kwenye misingi aliyokuwa akichimba, gunia moja begani kila jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba mawe ya watu. Mama alileta majani yaliyooza. Kando ya barabara za Lavington, chini ya nyua na miti ya matajiri, majani huanguka na kuoza bila mtu kuyahitaji, na yeye aliyachota kwenye mfuko kila alipotoka kazini.

Siku moja wakati wa likizo nilikuwa naye. Askari wa lango fulani alitusimamisha akataka kuona mfuko una nini. Mama alimwambia ni majani. Yule askari alicheka, akaushika mfuko kwa chini akaumwaga wote barabarani, akachambua kwa ncha ya kiatu. Nafikiri alikuwa anatafuta vijiko. Alipokosa hakusema pole, alisema tu twende. Mama alipiga magoti kwenye lami akaanza kuyarudisha majani mfukoni kwa mikono, mpaka ya mwisho, na magari yakipita kando yetu. Mimi sikumsaidia. Nilisimama kando kwa aibu, kama vile mimi ndiye niliyemwagwa. Nina umri wa kutosha sasa kuwa bibi ya mtu, na nikimkumbuka askari yule bado meno yanasagana.

Baba naye aliongeza lake. Niliogopa angenichapa kwa ajili ya kioo, lakini aliposimuliwa habari ile, wiki iliyofuata akaja na ndoo ya chokaa iliyobaki kazini. Alipaka mabati yote ya nyuma yakawa meupe, ili kale kamwanga kanakopita karuke kutoka kwenye mabati kaingie kwenye majani. Aliniambia ameniundia kioo kikubwa. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu zaidi ya hapo.

Tulijifunza kwamba kivulini hupandi kwa kubananisha, maana majani yakigusana hayakauki. Tulijifunza kumwagilia asubuhi na si jioni. Konokono wasio na nyumba walikula karibu mavuno yote ya kwanza, mpaka Cucu akasema tuzungushie kila mche majivu ya jiko, na mimi nikapewa cheo cha kuwaokota kwenye mkebe. Mama alichimba mtaro mdogo ili maji ya sabuni ya bafuni yapite pembeni, na majirani, wale wale waliocheka, wakaanza kumletea maji ya kusuuzia nguo. Kutoka Lavington alikuja na vijiti vya maua mekundu, yale yenye shina angavu kama glasi ambayo jua likiyapiga yananyauka, na shina la minti alilopewa na mpishi wa nyumba ya pili.

Bustani ikashika. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hakuwepo. Nduma zilifungua majani mapana kuliko karai, na mvua ya ghafla ikinyesha nilisimama chini yake na daftari zangu bila kulowa. Minti ilijaza kona nzima, na ukipita mguu ukiigusa harufu inakufuata mpaka ndani. Kina mama walihamisha mabeseni yao wakawa wanafulia kule nyuma kwa sababu ya ubaridi. Mahali ambapo watu walikuwa wanaziba pua, sasa walikuwa wanaleta stuli. Asubuhi tulikula nduma za kuchemsha na chai badala ya kwenda shule na chai tupu, na aliyetaka dania alibisha mlango wetu akapewa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetimiza miaka kumi na moja mwenye ploti alipokuja nyuma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi, Mama yuko kazini, mimi naokota konokono. Alisimama mwanzoni mwa bustani na viatu vyake vya ngozi, akatazama, akapiga mluzi. Aliniuliza ni nani aliyefanya kazi hii. Nikamwambia ni mama yangu na mimi. Akasema ni kazi safi sana. Nilimtembeza. Nilimwonyesha kila kitu, Mungu anisamehe. Nilimwambia jinsi tulivyotoa takataka mpaka chini, jinsi ardhi ilivyo ngumu na kavu upande huu na ambako maji yanapita upande ule, na kwamba ule mtaro mdogo hauzibi hata mvua kubwa ikija. Aliniuliza maswali kama mwanafunzi mzuri. Hakuna mtu mkubwa aliyekuwa amewahi kuniuliza maswali mengi hivyo.

Kisha alitoa mfukoni utepe wa kupimia, akanipa ncha.

"Nishikie hapo kwa ukuta," alisema. "Wewe ni msichana mwerevu."

Nikashika. Nilishika ule utepe kwa vidole viwili, nimeukandamiza ukutani kwa bidii usiteleze, na yeye akarudi nyuma akipita katikati ya nduma. Tulipima urefu, tukapima upana. Aliandika kwenye pakiti ya sigara, akanipa peremende, akaondoka. Mimi niliamini anataka kutujengea ua mzuri wa mbao ili mbwa wasiingie. Niliamini hivyo kabisa, na niliusubiri mlango ufunguke jioni nimwambie Mama.

Mama alikuwa anakoroga uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Alipima urefu pekee yake, ama na upana?"

"Vyote."

Alizima jiko uji haujaiva. Hakusema neno lingine usiku ule, na mimi nilielewa kwamba nimefanya kosa, ila sikujua ni lipi. Nilidhani labda ni ile peremende. Nilikuwa nimeila peke yangu.

Habari ilifika Jumamosi iliyofuata. Pangejengwa vyumba viwili vya mawe. Tulipewa wiki mbili kuondoa "hiyo miti yenu". Kwa miaka yote pale palikuwa jaa, hakupataka. Palipokuwa panatoa funza, palikuwa petu. Tulipotoa takataka kwa vidole na kuonyesha kwamba chini kuna ardhi ngumu na maji yana njia, ndipo alipoona kwamba ana kiwanja. Nimewahi kusikia watu wakisema lakini ploti ni yake. Ndiyo, ni yake. Nimekubali, ni yake. Bado nataka mtu anionyeshe ni kitabu gani kimeandikwa kwamba mtu akikusafishia uchafu wako bure, malipo yake ni kufukuzwa.

Mama alikwenda kwa Cucu. Nilikwenda naye, na hapo ndipo nilipoweka tumaini langu lote, kwani niliamini mama anaweza kumkataza mwanawe jambo lolote. Cucu alikuwa anakamua. Alisikiliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye ubavu wa ng'ombe. Alisema mzee wake alipofariki karatasi zote ziliandikwa jina la kijana, na kwamba zizi lile nalo limeshapimwa. Kijana ameshamwambia atafute mtu wa kununua ng'ombe.

"Hata mimi ni mpangaji hapa," alisema. "Wewe angalau uko na namba ya mlango."

Lakini jambo lililonichoma kuliko yote lilikuja siku tatu baadaye, na lilitoka kwa baba yangu. Mwenye ploti alikuwa anahitaji fundi wa kujenga vile vyumba viwili, na fundi mzuri wa karibu alikuwa analala futi sita kutoka kwenye kiwanja. Baba alikuwa amekaa bila kazi tangu mwezi uliotangulia. Alikubali. Alimweleza Mama akiwa amesimama mlangoni, hajavua kofia, na Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha. Mimi nilijigeuza nikaangalia ukuta. Mtu yule yule aliyepaka mabati chokaa na kuniambia ameniundia kioo kikubwa.

Mdogo wake Mama, mama mdogo Selina, alikaa Kibera, kwenye chumba kilichopakana na ukuta wa mawe upande wa Nyayo Highrise. Alipokuja kutuona alishauri tung'oe kila kitu usiku tukimbilie kwake, mwenye ploti akija akute mashimo. Mama alikataa. Alisema yeye si mwizi na hatafanya kama mwizi. Angeng'oa mchana kweupe, Jumamosi, mwenye ploti akiwepo.

Jumamosi hiyo mwenye ploti alikuja mapema, na hakuja peke yake. Alikuwa na vibarua wawili na majembe. Vibarua walikwenda moja kwa moja nyuma, wakaanza kuchimbua nduma na yale maua mekundu na kuyapanga vizuri kwenye magunia yaliyolowa. Tulifikiri wanayatupa. Kumbe mwenye ploti alikuwa amempigia mke wake hadithi ya bustani ile, na mke alitaka iwekwe nyuma ya nyumba yao mpya, upande usio na jua. Alilisema hilo kwa furaha, kama mtu anayetoa sifa. Alimwambia Mama ana mkono mzuri.

Mama alitoka ndani na karai. Ploti nzima ilikuwa mlangoni, kila mtu na mswaki wake na mtoto wake. Alisimama mbele ya mwenye ploti. Alikuwa mfupi, alilazimika kuinua kidevu.

"Hii ardhi ni yako, sibishani," alisema. "Nduma ni za mama yako, alinipa, ukitaka chukua. Lakini udongo ni wangu. Tulibeba na hii migongo."

Mwenye ploti alicheka kidogo, akatazama huku na huku kuona nani anacheka naye. Akauliza tangu lini mpangaji akawa na udongo.

"Na kitu kingine," Mama alisema, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Ungekuja kwangu ukaniambia unataka kupima, ningekushikia hiyo tepu mimi mwenyewe. Ulimngoja mtoto awe peke yake. Ulimshikisha mtoto wangu tepu ya kutuondolea chakula, na ukampa peremende."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango. Wiki hizo zote nilikuwa naamini kwamba hasira ya Mama ni yangu mimi, kwamba ananyamaza kwa sababu niliuza bustani kwa peremende moja. Nilipoyasikia yale maneno nilikaa chini pale pale kwenye simenti.

Uso wa mwenye ploti ulibadilika, lakini si kwa aibu, napenda niwe mkweli. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyagwa na kitu asichotegemea kuwa kina uzito. Mama alimpita, akapiga magoti, akaanza kujaza karai kwa mikono. Kisha jirani wa namba tisa, yule aliyeuliza habari ya nyuzi za kufumia, akaja na beseni lake. Kisha wa namba nne. Vibarua walisimama na majembe yao hawajui la kufanya. Udongo ulitoka kule nyuma ukipita katikati ya ujia, beseni baada ya beseni, mweusi na laini, ukinuka minti, mpaka kwenye mkokoteni ambao Selina alikuja nao.

Baba alitoka ndani wakati huo, na sepeto mkononi. Mwenye ploti alimwona akafurahi. Alimuuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kama yeye ni fundi wake au ni fundi wa Mama.

"Leo ni Jumamosi," Baba alisema. "Kazi yako inaanza Jumatatu."

Akaingia nyuma, akaanza kupakia udongo kwenye magunia. Alikwangua mpaka ile ardhi ya kijivu ikaonekana, akafagia.

Mkokoteni ulipita kituo cha Kawangware 56 kwenye msongamano wa mchana, mimi na Mama tukisukuma nyuma, na watu waliokuwa wakiuliza tumebeba nini walipojibiwa ni udongo walicheka. Kule Kibera tuliumwaga kandokando ya ukuta wa mawe, mahali pengine pasipo na jua. Kwenye udongo kulikuwa kumebaki mizizi ya minti na vichipukizi vinne vya nduma ambavyo vibarua hawakuviona. Selina alilima pale miaka mitatu, mpaka na pale walipopitisha barabara. Maua mekundu ya nyumba mpya ya mwenye ploti sikuyaona kamwe, kwa hiyo siwezi kusema kama yalishika. Natumaini hayakushika. Kuna watu wataniambia si Ukristo kusema hivyo, na wanaweza kuniombea.

Jumatatu Baba alianza kuchimba msingi. Nilimsikia kupitia mabati tangu alfajiri. Nilikuwa sijamsemesha tangu siku aliyokubali kazi, hata baada ya Jumamosi, kwa sababu akilini mwangu mtu anayebeba udongo leo na kujenga juu yake keshokutwa alikuwa mbaya kuliko mwenye ploti. Kabla ya yeye kwenda kazini na mimi shule, Mama alinipa kikombe cha chai nimpelekee. Nilizunguka nyuma, nikakiweka chini kando ya shimo bila kumwamkia, nikageuka. Alikuwa ndani ya mtaro wa msingi mpaka magotini, mgongo umelowa. Aliona, akaendelea kuchimba.

Mama alikuwa amenitazama kutoka kwenye kona. Alinivuta ndani kwa mkono akafunga mlango. Nilimwambia Baba ni msaliti, neno nililokuwa nimelisikia redioni, na kwamba angekataa.

"Angekataa tungekula nini?" aliniuliza. Kisha akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. "Kasirika. Mimi sikukatazi kukasirika, hata mimi nimekasirika. Lakini kasirikia yule ambaye alikuwa na njia mbili. Baba yako alikuwa na moja."

Nilirudi nyuma. Chai ilikuwa bado pale chini, na vumbi limeanza kuingia. Nilikiokota kikombe, nikakifuta chini kwa sketi yangu ya shule, nikashuka ndani ya mtaro nikampa mkononi.